Mshono wa Mguu wa Kuku

3 Februari

Kitinda wangu,

Leo salamu zitasubiri. Nimekuficha jambo, na nikianza na habari za mvua nitaishia na habari za mvua, kama nilivyofanya katika barua zote zilizopita. Jambo lenyewe ni hili: yule mtu wa kivukoni hakufa. Yu hai. Anaishi mjini kwako, kwenye vyumba vya kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, na bado anavyo viatu vya baba.

Sasa salamu. Hujambo na wanao? Mimi sijambo kwa kadiri ya mzee asiyeweza kupanda kitandani bila kushikwa mkono. Daktari hazungumzi nami tena. Anazungumza na binti yangu huko nje mlangoni, nami niliyefundisha maisha yangu yote najua mzazi huitwa pembeni wakati gani. Binti anakusalimu. Ndiye anayenipelekea barua posta, maana simu siiwezi. Masikio yangu yamestaafu.

Siku ile ulikuwa mgongoni mwa mama, umelala na kidole mdomoni. Kwa hiyo yote unayoyajua uliambiwa na mama. Safari hii yasikie kutoka kwangu.

Tulitoka nyumbani alfajiri, wenye silaha walipoanza kuchoma mtaa wa mafundi. Baba alifunga karakana, akatia ufunguo mfukoni kana kwamba tutarudi mchana. Miguuni alivaa viatu vyake vya ngozi nyekundu, vile alivyojishonea mwaka aliooa. Mimi nilipewa birika, nikaambiwa, "Ukilipoteza hili, hatuna pa kuchemshia maji ya mdogo wako." Nililishika mpaka vidole vikakakamaa. Kesho yake, tukipita sokoni, risasi zikalia. Baba alikuwa amenishika mkono. Watu wakatawanyika kama punje zilizomwagika, na nilipotazama, mkono wangu ulikuwa mtupu. Yeye alipotelea upande wake, sisi na mama upande wetu.

Tulifika mtoni nikitembelea ncha za vidole, maana nyayo zilikuwa zimechunika. Ng'ambo tuliona mahema na moshi wa majiko. Kulikuwa na watoto wanakimbizana. Kilichonishangaza si mahema. Ni mtoto mmoja aliyekuwa akipiga kelele kwa furaha, na hakuna mtu aliyemziba mdomo. Sisi tulikuwa tumezibwa midomo njia nzima.

Tukiwa kwenye foleni ya kivuko akatokea kijana mrefu, mgeni kwetu, amevaa viatu vya baba. Nilivitambua kwa kisigino. Baba alimalizia kila kiatu kwa nyuzi tatu zilizotanuka kama mguu wa kuku, na hapakuwa na fundi mwingine aliyemaliza hivyo. Na wewe, fundi binti fundi, unaujua msemo wa nyumbani kwetu: fundi havui viatu vyake akiwa hai. Nikapiga yowe, "Huyu amemuua baba! Amevaa viatu vyake!" Watu wakamvamia. Walinzi wa kivuko wakamburuta. Sisi tukavuka. Tangu siku hiyo mama akaniita Shahidi, na jina hilo likanigandia kuliko nililopewa nikizaliwa.

Mwaka juzi mtu huyo alikuja kwangu. Aliketi, akakataa chai, akaniuliza jambo moja. Unayajua masikio yangu. Akaenda zake. Sikukwambia kwa sababu nakujua. Nakwambia sasa kwa sababu sina tena muda wa kuogopa hasira zako.

Ninaloliomba ni dogo. Vichukue viatu hivyo. Nataka kuvishika kabla sijafumba macho.

Kaka yako,
Shahidi


21 Februari

Kaka Shahidi,

Shikamoo. Sisi wazima. Mjukuu wangu ameota jino la kwanza na tayari limeshafanya kazi kwenye bega langu. Mkwe wangu anakusalimu. Haya, salamu zimeisha.

Barua yako niliisoma nikiwa kazini, mdomoni nimebana misumari kama kawaida yangu, na nusura nimeze mmoja. Gundi akanipiga mgongoni. Unamkumbuka Gundi, mwenzangu wa benchi, ambaye watu wote sokoni wanadhani nimeolewa naye. Akaniuliza, "Mama, umepata msiba?" Nikamwambia, "Hapana. Nimepata mgeni."

Kaka, mama alimlaani mtu yule kila asubuhi akivaa viatu na kila jioni akivivua. Laana ile niliijua kwa moyo kabla sijajua kuhesabu. Nawe umekaa naye sebuleni, ukamkaribisha chai!

Nilifanya hivi. Nilimtuma Gundi akatangaze nyuma ya kiwanda cha sabuni kwamba mama fundi anatengeneza viatu vya wazee bure, ametoa nadhiri. Wakaja wazee kama siafu. Siku ya nne akaja yeye, kifurushi kwapani, kimefungwa kwa kitambaa safi kuliko shati lake.

Nikamwambia, "Shikamoo baba." Neno lilinikwama kama mwiba wa samaki, lakini nikalitoa.

"Marahaba, mwanangu."

Mwanangu! Nikafungua kitambaa. Ngozi nyekundu, imepakwa mafuta, laini kama shavu la mtoto. Nikageuza kisigino. Mguu wa kuku ulikuwa pale pale, mshono ule ule ambao mama alinifundisha hemani kwa kunipiga vidole kila nilipokosea. Sijawahi kumwona baba, Kaka, wala sina picha yake. Siku hiyo nilimshika.

"Viatu vya zamani hivi," nikasema. "Ulinunua wapi?"

"Sikununua. Ni amana."

"Amana ya nani?"

"Ya fundi mmoja. Navitunza mpaka wenyewe watokee."

Gundi, ambaye hajui lolote, akadakia, "Mzee, huyo mwenyewe akitokea leo, soksi zake zitakuwa mifupa!" Na yule mzee akacheka. Alicheka, Kaka, mbele ya viatu vya baba yangu. Mwizi anaita mali ya wizi amana, halafu anacheka!

Ana sikio moja tu. La pili limebaki kama kipande cha ngozi iliyokatwa vibaya. Mkono wake wa kushoto haukunjuki. Nisikufiche, nilifurahi. Nikajisemea moyoni, hiyo ilikuwa riba, deni lenyewe bado.

Nikamuuliza kama huvivaa. Akasema huvivaa siku moja tu kwa mwaka, mwishoni mwa Mei, siku aliyopewa, na kwamba mwaka huu soli imeachia. Kisha akaongeza mwenyewe, bila kuulizwa, "Usijali kama vitabana, mwanangu. Miguu yangu imekufa ganzi kwa ugonjwa wa sukari. Juzi nilikanyaga kaa la moto, nikajua kwa harufu."

Hapo ndipo nilipojua la kufanya. Fundi hapigani kwa panga. Nitamtia soli mpya, nzuri, ya kumfanya aniombee dua. Ndani, chini ya ngozi ya kukanyagia, nitaacha ncha ya msumari imetazama juu. Hataihisi. Atatembea nayo kutwa nzima ya siku yake tukufu. Kidonda cha mwenye sukari nakijua. Nilikiuguza kwa mume wangu: kwanza kidole, kisha mguu, kisha jeneza.

Viatu utavishika, Kaka. Ila kwanza vina kazi.

Mdogo wako,
Kitinda


2 Aprili

Kitinda,

Hujambo? Nisamehe kwa kuchelewa. Nililazwa, na hospitalini hawakunipa kalamu, walinipa uji. Binti yangu amenirudisha nyumbani kwa sababu, nadhani, hawana tena la kunifanyia. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, na jirani ameupaka rangi ya kijani. Ni mabadiliko makubwa katika maisha yangu.

Kuhusu yale uliyoandika, nakusihi usifanye. Yule ni mzee. Ameshachukuliwa sikio, ameshavunjwa mkono. Aliyechimba kisima cha mwenzie hutumbukia mwenyewe. Hasira ni hasara. Mwachie Mungu. Chukua viatu, mpe vingine vipya kwa gharama yangu, mwachane kwa amani.

Nilikuandikia barua ndefu kuliko hii. Nimeichana. Kuna mambo mtu akiyaandika yanakuwa yametokea.

Huku mvua zimeanza.

Shahidi


19 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo. Gundi ameumwa meno, sasa amenyamaza, na soko zima linamshukuru daktari.

Umeanza kuandika kama kalenda ya ukutani, kila ukurasa methali yake. Mwachie Mungu? Mungu amekuwa naye miaka yote hii, amemfikishia uzee na wajukuu. Baba yangu alifikishiwa nini? Ulipokuwa mtoto wa miaka tisa ulisimama mbele ya umati ukapiga yowe. Leo una ndevu nyeupe, unanong'ona. Mama alilea watoto wawili akilala ameegemea mti wa hema, mkononi kashika sindano ya viatu asije mtu akatuingilia. Hakuwahi kulala chali mpaka siku tulipomlaza kaburini. Hayo nimwachie nani?

Soli nimeshatia. Msumari upo. Nimeupima kwa kidole changu mwenyewe, ukatoa damu kabla sijasikia maumivu. Kazi safi. Baba angeikubali.

Lakini kuna jambo limenikaa vibaya. Wiki iliyopita mzee alikuja kuulizia viatu vyake. Nikamwambia bado. Akawa anatazama rafu, akachukua kiatu cha mtoto nilichokuwa nimekimaliza, akakigeuza. Akaona kisigino. Gundi, na meno yake yanayouma, akamvutia kigoda.

"Nani alikufundisha kumalizia hivi?" akaniuliza.

"Mama yangu."

"Mama yako alikuwa na mtoto mgongoni, na mvulana mwenye birika?"

Mkononi nilikuwa na kisu cha kukatia ngozi, na nilikishika kwa nguvu.

Akasema, "Kwa hiyo nawe na mama yako mlivuka salama." Akaanza kulia, Kaka, mzee mzima, machozi yanaingia kwenye ndevu. Nikamwambia machozi ya mamba hayalainishi ngozi. Hakukasirika. Akasema, "Wewe huna kosa nami, wala sina la kukuambia. Muulize kaka yako swali langu. Mimi alishindwa kunijibu."

Swali gani? Umeniandikia kana kwamba hukusikia. Mwaka huo huo wa juzi nilikuja kwako, tukakaa barazani, ukamsikia mtoto wa jirani anavyokosea tarakimu upande wa pili wa ukuta, ukamsahihisha. Masikio yako yalikuwa yanafanya kazi vizuri tu. Kuna kitu unanificha, na nadhani ni huruma. Umemwonea huruma muuaji wa baba yako, unaona aibu kunieleza.

Basi sikiliza. Viatu viko kwenye kabati langu. Siku yake ya kuvivaa ni ishirini na nane Mei, na nitampa siku iliyotangulia. Ila wewe ndiye uliyeanza kisasi hiki, wewe ndiye Shahidi, na sitakimaliza bila neno lako. Niandikie neno moja tu: mpe. Ukitaka kunizuia, niambie sababu, na iwe sababu, siyo methali. Ukinyamaza, kimya chako nitakihesabu kuwa ndiyo.

Kitinda


24 Mei

Kitinda,

Toa msumari kwanza, ndipo usome. Barua hii nimempa binti yangu aje nayo mwenyewe kwa basi, siiamini posta tena. Nimemwagiza asikupe ukurasa wa pili mpaka auone msumari kwenye kiganja chako. Ni mkaidi kama wewe, kwa hiyo usijaribu.

Umeutoa? Basi, hujambo mdogo wangu. Mpe binti chai, ametoka mbali. Mimi nimeandika haya kwa siku kadhaa, mistari michache kila nikipata pumzi.

Uliomba sababu. Yale niliyokuandikia Februari yote ni kweli: viatu, kisigino, yowe, umati. Nimeruka kipande kimoja tu, na kipande hicho ndicho nimekiruka maisha yangu yote.

Mama alikuwa ameacha foleni kwenda kuomba maji, wewe mgongoni. Mimi nililinda nafasi yetu. Yule kijana alikuja akipita kando ya foleni, anatazama watoto mmoja mmoja, mpaka akaliona birika. Akachuchumaa mbele yangu. Akasema, "Wewe ndiye Kisigino?"

Jina hilo hulijui. Mama mwenyewe hakuwahi kulitumia. Baba aliniita hivyo karakanani, tukiwa wawili, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kumshikia kisigino cha kiatu wakati akishona.

Kijana akasema baba yu hai. Alitumbukia shimoni siku ile ya risasi, mguu umevimba, hauingii kiatuni. Amelala kwenye kibanda cha shamba, wenye shamba wanamkanda. Akanionyesha viatu. Akasema, "Amenivisha hivi ili mniamini. Alisema, wakiviona kwenye miguu ya mtu mwingine watajua ni mimi niliyemtuma, maana sijawahi kumvulia mtu yeyote." Kisha akasema maneno ambayo nimeyasikia kila usiku tangu hapo: "Anakuja nyuma. Amesema msivuke bila yeye. Mwambie mama."

Baba alidhani msemo wetu ungetufanya tumwamini. Hakufikiri kwamba mtoto wake angeweza kuugeuza.

Nikainua macho nikamwona mama anarudi na maji. Nilijua atakachofanya. Angetoka kwenye foleni saa ile ile, akakaa kwenye majani na kusubiri, hata kama ni mwezi. Nyuma yetu risasi zilikuwa zinakaribia kila jioni. Mbele yangu kulikuwa na mtoto ng'ambo anapiga kelele. Nilitaka kuwa mtoto yule. Na kulikuwa na jingine, baya zaidi. Kule sokoni mkono wangu haukuponyoka. Baba aliuachia. Nilihisi vidole vyake vikifunguka. Sasa najua pengine alisukumwa, pengine alikuwa anaanguka. Siku ile nilijua jambo moja tu, kwamba aliniachia, na sasa anataka tumsubiri. Kisasi unachokisikia wewe mimi nilikionja kwanza, Kitinda, na hakikuwa cha yule kijana. Yeye alikuwa amesimama tu njiani.

Nikapiga yowe.

Alipokuja kwangu mwaka juzi alinieleza yaliyofuata. Walimfungia kwenye stoo ya mbao kando ya kivuko. Kesho yake mchana, kupitia nafasi za mbao, alimwona baba anafika, miguu mitupu, anajikongoja kwa fimbo, anauliza kila mtu habari za mwanamke mwenye mtoto mgongoni na mvulana mwenye birika. Wakamwambia wamevuka. Asubuhi hiyo watu wa ng'ambo walikuwa wameikata kamba ya kivuko kwa hofu. Kijana akamwita. Baba akasogea kwenye mbao, akaona sikio lake, akamuuliza, "Wamekufanyia hivi kwa nini?" Naye akajibu, "Walinifananisha." Hakunitaja, Kitinda. Alikuwa na sikio moja na mkono uliovunjika, na hakumwambia baba ni nani aliyemponza.

Akataka kumrudishia viatu. Baba akasema, "Wewe vitunze. Mguu wangu hauviwezi, na wenyewe wakitokea watavitambua." Hiyo ndiyo amana uliyoiita mali ya wizi. Baba alikaa ukingoni akitazama ng'ambo, na kabla mvua hazijaisha homa ilimchukua, wakamzika pale pale.

Kisha mzee aliniuliza swali lake. Alisema, "Pale kwenye foleni palikuwa na kelele, maji na watu. Miaka yote hii nimejiambia, yule mtoto hakunisikia, aliona viatu tu, akaogopa. Nimeishi kwa hilo. Sasa niambie mwenyewe. Ulinisikia, au hukunisikia?"

Nikaweka kiganja sikioni, nikasema, "Unasemaje?" Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Nikasema tena, "Unasemaje, mzee wangu?" Akachukua kofia yake na kifurushi cha viatu, akaondoka.

Hasira zako zina haki, mdogo wangu. Zimebisha hodi mlango usio wake tu. Zilete huku. Nipo, sina pa kukimbilia, na miguu yangu mimi bado inahisi.

Viatu usiniletee. Nilikuomba nivishike nikidhani vitanifariji. Mpelekee mwenyewe kwa wakati, avivae siku yake. Mshikie kisigino akivivaa. Na akimaliza kufunga kamba, mpe jibu ambalo mimi nilishindwa kumpa mara mbili. Mwambie hapakuwa na kelele yoyote. Alichuchumaa karibu yangu kiasi kwamba pumzi yake ilikuwa usoni mwangu. Mwambie nilimsikia.